Mawingu ya Aristophanes au Lexiphanes ya Lucian: uanze na ipi?

Mdai amefika mlangoni na shahidi wake. Anataka mina 12 zake, fedha zilizokopwa kununulia farasi. Mdaiwa, mzee Strepsiades, hababaiki. Anaingia ndani, anatoka na chombo cha kukandia unga, anamuuliza mdai: hiki kinaitwaje? Mdai anajibu kama Mwathene yeyote angejibu: kardopos. Mzee anamfukuza. Mtu asiyejua kwamba neno sahihi ni kardope, anasema, hatapata kwake hata oboli moja.

Mina 12 ni drakma 1,200, na drakma moja ilikaribia ujira wa fundi stadi kwa siku nzima. Deni la jasho la zaidi ya miaka mitatu linafutwa kwa kosa la sarufi ambalo hata si kosa.

Tukio hilo limo katika Mawingu, tamthilia ya kuchekesha ya Aristophanes iliyoonyeshwa Athens mwaka 423 K.K. Ukimuuliza mjuzi wa fasihi ya Wagiriki wa kale ni wapi walipoicheka mijadala ya lugha sahihi, atakutajia hiyo kwanza. Mimi nitakutajia nyingine: Lexiphanes, mazungumzo mafupi ya Lucian, mwandishi wa Kigiriki, yaliyoandikwa karibu miaka 600 baadaye. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiswahili, na zote mbili nimezirudia mara nyingi, hasa siku ambazo nimetoka kubishana na mtu juu ya neno. Hapa naziweka bega kwa bega, na majirani zake wachache, kwa ajili ya msomaji mwenye nafasi ya kuanza na moja tu.

Mawingu inacheka nini

Kigiriki hugawa majina yake kwa jinsia, ya kiume, ya kike na isiyo na upande, kama sisi tunavyogawa ya kwetu kwa ngeli. Neno kardopos lina mwisho wa -os, mwisho uliozoeleka kwa majina ya kiume, lakini upatanisho wake ni wa kike. Hakuna Mwathene aliyepata tabu nalo. Chukua kijana katika Kiswahili. Lina ki- mbele kama kiti na kisu, na bado tunasema kijana amefika. Sasa mfikirie mwalimu anayekusimamisha sokoni na kukwambia kwamba umekosea, kwa sababu ama ilipasa useme kijana kimefika, ama neno lenyewe libadilishwe liwe mjana. Huyo ndiye mwanafalsafa Socrates kama anavyoonyeshwa jukwaani.

Strepsiades amemwendea Socrates ajifunze hoja za kuwashinda wanaomdai, maana mwanawe Pheidippides amemfilisi kwa mapenzi ya farasi. Badala ya hoja anapewa somo la majina. Anaambiwa ataje wanyama dume wa miguu minne. Anataja kondoo dume, beberu, fahali, mbwa, kisha alektryon, ambaye ana miguu miwili. Socrates halioni kosa la miguu! Anachoshikilia ni kwamba jogoo na kuku jike wote wanaitwa alektryon, neno moja. Basi anamtungia mzee neno jipya la kuku jike, alektryaina, kwa kufuata leaina, simba jike. Mzee anafurahi kama mtu aliyeokota lulu. Anaahidi kumjazia Socrates kile chombo unga wa shayiri kwa somo hilo moja tu.

Kuna jambo la kweli chini ya kicheko hiki, na ndilo linaloipa Mawingu uzito wake. Wakati ule palikuwa na mtu aliyefundisha mambo ya namna hii kwa ada: Protagoras wa Abdera. Aristotle ametuachia habari kwamba Protagoras aliyagawa majina katika mafungu matatu, ya kiume, ya kike na ya vitu, na kwamba alishikilia kuwa menis, hasira, na pelex, kofia ya vita, yangepaswa kuwa ya kiume. Sasa menis ndilo neno la kwanza kabisa la Iliad, na Homer amelipa upatanisho wa kike. Kwa Protagoras, shairi kubwa kuliko yote ya Kigiriki lilianza kwa kosa. Alimlaumu Homer pia kwa kumwamuru mungu wa kike aimbe, ilhali alipaswa kumwomba. Aristophanes aliyasikia mambo haya, akayapeleka jikoni, kwenye unga na kuku, mahali ambapo kila mtazamaji alikuwa na uhakika na lugha yake.

Lakini kuna mambo mawili yanayonizuia nisikupe Mawingu kwanza. La kwanza ni kwamba somo lenyewe la majina ni mistari isiyofika 40 katika tamthilia ya mistari 1,500 hivi. Sehemu kubwa ni madeni, farasi, shindano la Hoja ya Haki na Hoja ya Dhuluma, kijana anayempiga baba yake na kuthibitisha kwamba ana haki ya kumpiga, na mwishowe shule inayochomwa moto. Ukija kwa ajili ya lugha utasubiri sana.

La pili linaniuma. Socrates wa kweli hakuwa na shule ya kulipiwa, na mafundisho anayobebeshwa jukwaani ni ya watu wengine. Katika Utetezi, kitabu cha Plato juu ya kesi ya Socrates ya mwaka 399 K.K., Socrates anaitaja komedi hii waziwazi: mmeniona huko, anawaambia waamuzi, nikining'inizwa na kuropoka mambo nisiyoyajua kabisa. Tamthilia yenyewe ilipoonyeshwa ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Cratinus na Ameipsias. Aristophanes akaiandika upya, na tuliyo nayo leo ni hiyo iliyoandikwa upya. Ni kazi ya fundi mkubwa, nami naipenda, lakini imemwonea mtu.

Lexiphanes inacheka nini

Sasa njoo karne ya 2 B.K. Roma inatawala. Wagiriki wasomi wamekubaliana kwamba Kigiriki kizuri ni kile cha Athens ya kale, ya Plato na ya huyohuyo Aristophanes. Kigiriki cha kila siku, koine, kinazungumzwa kuanzia Misri hadi Shamu, lakini anayetaka heshima kwenye mikutano ya hotuba hana budi kuandika kama watu waliokufa miaka 500 iliyopita. Maneno yanatafutwa vitabuni kama watu wanavyotafuta fedha za kale mchangani.

Lexiphanes, ambaye jina lake lina maana ya mwonyesha-maneno, anakutana na Lycinus akiwa na kitabu mkononi. Amekiandika mwenyewe, anasema, kushindana na Karamu ya Plato, na ni neochmon. Hilo ni neno la kishairi la kusema "kipya." Lycinus anajifanya amesikia auchmos, ukame: kumbe umeanza kuandika habari za ukame? Fikiria mtu wa leo anayeandika barua ya kuomba kazi kwa msamiati wa tenzi za kale, akaanza na "mbwene tangazo lenu." Lexiphanes anasoma, na ukurasa baada ya ukurasa maneno yanaporomoka, mengine yamechimbuliwa makaburini, mengine ameyafinyanga mwenyewe, mengine ni ya kweli ila ameyapachika mahali pasipo pake. Wanakwenda kuoga, wanakula, wanakunywa, na msomaji hajui ni nani kafanya nini.

Lycinus anamkatiza. Anasema kichwa kinamzunguka kama aliyelewa. Kwa bahati tabibu Sopolis anapita njiani na dawa ya kutapisha aliyomchanganyia mgonjwa mwingine. Lexiphanes anaambiwa anywe. Kinachotoka tumboni ni maneno: kwanza mon, kisha kata, kisha e d' hos, amegepe, loste, depouthen, na atta inatoka mfululizo haikomi. Ni vile viunganishi na viitikio vidogo vya Kiathene ambavyo kila mwanafunzi alivipachika ili aonekane msomi. Lycinus anasimama pale akihesabu kinachotoka kama mama anayemwangalia mtoto aliyemeza kitu, na kumhimiza ajitie vidole kooni, maana kuna mengine bado yamo ndani.

Baada ya kutapika ndipo linakuja jambo linalonifanya nikichague kitabu hiki. Lycinus hamwachi mgonjwa wake. Anamwambia ugonjwa ulipoanzia: hutafuti kwanza wazo kisha ukalivalisha maneno; unaokota neno la ajabu, au unalibuni, kisha unahangaika kutafuta wazo la kulishindilia humo. Anamfananisha na vinyago vya udongo vya sokoni, nje vimepakwa rangi nyekundu na buluu, ndani ni udongo unaovunjika kwa kuguswa. Kisha anampa utaratibu wa kupona: asome washairi bora pamoja na walimu, aende kwa wasemaji wa mahakamani, na akishakomaa ndipo afike kwa Thucydides na Plato, bila kuziacha komedi na tanzia.

Utaona kwamba Lucian hasemi Kiathene cha kale ni upuuzi. Yeye mwenyewe aliandika kwa lahaja hiyo, na vizuri mno. Kwao ni Samosata, kando ya mto Frati, mji ambao magofu yake leo yamefunikwa na maji ya bwawa la Atatürk nchini Uturuki. Katika maandishi yake mengine anamwachia Balagha, aliyemvika umbo la mwanamke, aeleze jinsi alivyomwokota kijana huyu akiwa bado na matamshi ya kigeni na karibu avae kanzu ya Kiashuri. Kigiriki hiki alikitafuta. Ndiyo maana dhihaka yake ina upole ambao Aristophanes, mzawa wa Athens, hakuwa na haja nao. Wengi wetu Kiswahili tumekipata shuleni, sokoni au mjini, juu ya lugha nyingine ya nyumbani. Tunajua kishawishi cha kupachika neno zito ili tusionekane wageni. Lexiphanes alikuwa na kishawishi hichohicho, na Lucian alikijua kutoka ndani.

Ukizipima kwa mambo ya kawaida ya msomaji

Kwa urefu, Lexiphanes inasomeka jioni moja, na yote inahusu lugha. Kwa tafsiri, Mawingu inapona kuliko unavyodhani, maana mantiki ya kardopos inaeleweka hata kwa asiyejua herufi moja ya Kigiriki, alimradi lugha yake ina ngeli. Lexiphanes inateseka zaidi. Mfasiri analazimika kuchimbua maneno mafu ya lugha yake, na asiyethubutu anakupa hotuba ya kawaida isiyochekesha. Tafsiri ya Kiingereza ya ndugu Fowler, ya mwaka 1905, inapatikana bure mtandaoni. Mmoja wao, H. W. Fowler, ndiye aliyekuja kuandika mwaka 1926 ile kamusi maarufu ya matumizi sahihi ya Kiingereza. Nadhani shule yake ilikuwa hapa.

Kwa jukwaa hakuna mjadala. Ukiwa mwalimu mwenye darasa linalotaka kuigiza, chukua Mawingu, tena yale matukio mawili tu: somo la kuku na mdai mlangoni.

Ikiwa hata jioni moja huna

Lucian ana kipande kingine kifupi zaidi, utetezi wake baada ya kuteleza katika salamu. Asubuhi moja alikwenda kumwamkia bwana mkubwa. Asubuhi Wagiriki walisema chaire, "furahi." Ulimi ukateleza, akasema hygiaine, "uwe na afya," neno la kuagana jioni. Ni sawa na kumwambia mkubwa alamsiki pale ulipopaswa kusema sabalkheri. Lucian anaeleza alivyotoka jasho na kuwa mwekundu, na waliokuwepo walivyodhani ni uzee au pombe ya jana. Kisha anaketi kuandika, na aibu inageuka kuwa safari nzima ya elimu: Philippides aliyeleta habari za vita vya Marathon akisema chairete, tumeshinda, akafa; Plato aliyelikataa chaire katika barua; Pythagoras na wafuasi wake walioiweka afya mbele ya yote. Mtu aliyelelewa pwani, anayejua uzito wa salamu iliyokosewa mbele ya mkubwa, ataelewa kipande hiki bila maelezo. Kwa msomaji wa namna hiyo, ndicho ningempa kwanza, hata kabla ya Lexiphanes.

Kipo pia kile cha herufi Sigma (S) kuishtaki Tau (T) mbele ya mahakama ya irabu saba, ingawa wataalamu wengine hawakubali kwamba ni cha Lucian. Shtaka ni wizi: Athens husema thalatta, bahari, penye thalassa ya wengine, na temeron, leo, penye semeron. Tulio na Kimvita na Kiunguja masikioni tunaijua Tau. Ndiyo inayosema nti penye nchi, mato penye macho. Mwisho wa kesi Sigma anataka Tau atundikwe, kwa kuwa umbo lake ndilo lililowapa madhalimu mfano wa msalaba.

Athenaeus wa Naucratis, na vitabu vyake 15 vya Wasomi Karamuni, mwache kwa sasa. Ila umjue Ulpian wa Tyre aliyemo, aliyepewa jina la utani Keitoukeitos, "limo-halimo," kwa sababu hakugusa chakula kabla ya kuuliza kama jina la chakula hicho limo katika vitabu vya zamani.

Kama unataka ugomvi wenyewe

Huenda hutaki kicheko. Unataka kusikia hoja za pande mbili. Hapo chaguo ni Phrynichus, mtetezi wa Kiathene safi, dhidi ya mwanafalsafa Sextus Empiricus, na ningekushauri uwasome kwa zamu.

Phrynichus aliishi wakati wa watawala wa Roma Marcus Aurelius na Commodus, na kitabu chake ni orodha ya amri: usiseme hivi, sema vile. Hata Menander, mtunzi wa komedi aliyezaliwa na kufa Athens, anapata kipigo. Nimeziangalia amri zake tatu kwa muda mrefu. Usiite maji mabichi neron. Usiite kitanda krabbatos, sema skimpous. Usiseme eucharistein kwa kushukuru, waandishi wateule hawakusema hivyo. Nenda Ugiriki leo uombe maji: nero. Uliza kitanda: krevati. Shukuru: efcharisto. Yote matatu yameshinda. Na hilo la tatu limefika hadi kwetu, maana ndilo lililozaa neno Ekaristi.

Hilo la kitanda lina kisa. Sozomen, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 5, anasimulia mkutano wa maaskofu wa Kipro. Triphyllius, msomi wa sheria, alikuwa akihubiri juu ya yule aliyepooza, aliyeambiwa ajitwike godoro lake aende. Injili inasema krabbatos. Triphyllius akaona haya, akasema skimpous. Askofu Spyridon, aliyekuwa mchunga kondoo, akaruka kutoka kitini mbele ya watu wote: wewe ni bora kuliko yule aliyesema krabbatos, hata uone aibu kutumia maneno yake?

Sextus anaijenga hoja ya Spyridon kwa utulivu wa mwanafalsafa. Neno ni kama sarafu, anasema. Anayefuata sarafu ya mji ule anafanya biashara bila shida, na anayejitengenezea yake ni mpumbavu. Anatoa mfano wa kikapu cha mkate: wapo wanaokiita panarion, neno lenye asili ya Kilatini, na lipo neno safi la Kigiriki. Yeye atasema panarion, ili wanaomtumikia mezani wasimcheke. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Pale ninaposita ni kwamba Sextus hana chochote cha kumpa Lexiphanes aliyekwisha kutapika. Anamwambia aongee kama watu, basi. Lucian anampa vitabu vya kusoma.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: kile kipande cha salamu asubuhi, Lexiphanes jioni yake, kisha Phrynichus na Sextus kidogo kidogo kwa wiki nzima. Mawingu iwe baada ya hapo, ukiwa umeshajua ugomvi ulipoelekea. Na ukiimaliza usifunge kitabu cha Aristophanes kabla ya kufungua Vyura, tamthilia ya mwaka 405 K.K. iliyopata tuzo ya kwanza. Humo Euripides, mtunzi wa tanzia, akiwa kuzimu, anamshtaki mtunzi mwenzake Aeschylus kwa kusema jambo moja mara mbili: "nimekuja" na "nimerejea." Aeschylus anajibu kwamba mtu wa uhamishoni hufanya yote mawili, huja na pia hurejea. Lakini kabla hajajibu, mungu Dionysus anadakia na kutoa mfano wa jirani anayeomba kuazimwa chombo kimoja cha jikoni kwa majina mawili: niazime maktra, au, ukipenda, kardopos.